Wiki kumi za kujitayarisha kukatwa tumbo: nyota nne, ya tano wameipoteza kwa ofa zao

Mizani ya nyumbani kwangu mwisho wake kilo 120. Ukiikanyaga na zaidi ya hapo inaandika herufi moja, halafu inazima. Uzito wangu wa kweli niliujulia Kongowea, kwenye stoo ninakonunua mchele miaka yote, saa ya adhuhuri, vijana wa magunia wamekwenda kuswali na mwenye duka amejitia anahesabu risiti ili asinitazame. Kilo 124. Magunia mawili ya hamsini na karibu nusu ya la tatu. Nikashuka, nikalipa mchele wangu, nikaita tuktuk.

Mimi ni mpishi wa shughuli, Majengo, Mombasa. Harusi, maulidi, hitima, ukiniita nakuja na sufuria zangu na wasichana wangu. Na upishi wa shughuli ni kuonja, kuanzia alfajiri mpaka sinia la mwisho litoke. Sukari ninayo mwaka wa saba, presha ipo, magoti yamekwisha, na usiku nilikuwa nakoroma mpaka mpwa wangu wa chumba cha pili anakuja kunigeuza. Daktari wangu wa sukari ndiye aliyetaja kwanza upasuaji wa kupunguza tumbo ili uzito ushuke. Akapiga hesabu ya uzito kwa urefu, wanayoiita BMI, mbele yangu: kilo 124, gawanya kwa mita 1.6, gawanya tena kwa 1.6, ikatoka 48. Akaniambia kuanzia 35 mtu tayari anaweza kuzungumziwa habari hizo, sembuse mwenye sukari.

Ninachokisifu na kukilalamikia hapa si upasuaji wenyewe. Ni matayarisho yake: wiki kumi kwenye kliniki moja upande wa Nyali, kila Jumamosi asubuhi, pamoja na kundi. Jina lao silitaji, maana nina yangu ya kuwasema na sitaki ugomvi na mtu. Nimelipa kwa pesa yangu, shilingi 38,000 kwa M-Pesa. Bima haikugusa hata senti.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni viti. Viti vya mapokezi havina mikono. Mtu mwembamba hawezi kujua hilo ni jambo gani. Nimewahi kusimama saa nzima ofisini kwa watu, nikisema nimechoka kukaa, kwa sababu kiti chao nikiingia nitatoka nacho. Pale nilikaa kama mtu. Mizani yao iko ndani ya chumba chenye mlango, na nesi hatangazi namba, anaiandika kwenye karatasi anakupa mkononi. Kitambaa cha kupimia presha ni kile kipana, si kile cha kukubana mpaka kifyatuke. Nyota mbili walizichukua kabla hawajafungua mdomo.

Ya tatu waliipata kwa sharti lao. Siku ya kujiandikisha, dada wa mapokezi aliniuliza, "Na mtu wako ni nani?"

Nikamwambia mume wangu alifariki.

"Pole sana mama. Lakini sikuulizi mume. Nakuuliza nani yuko jikoni na wewe."

Peke yako hawakuandikishi. Kila mgonjwa aje na mtu mmoja, huyo huyo kila Jumamosi, na anakaa darasani, anaandika, anaulizwa maswali kama wewe. Mimi nilikuja na mpwa wangu, binti wa marehemu kaka yangu, mkono wangu wa kulia kwenye sufuria. Tulikuwa wagonjwa saba. Mwalimu wa kike na mumewe. Kijana wa bandarini na mamake. Dada wawili wa Bamburi ambao kila mmoja alikuwa mtu wa mwenzake (nikaona huo ni ujanja, lakini walikubaliwa). Bibi mmoja wa Mji wa Kale na mjukuu wake. Na mzee wa Likoni, aliyekuja na rafiki wa barazani kwa sababu nyumbani kwake hakuwa amemwambia mtu.

Somo lililonikaa ni la ini. Daktari mpasuaji alituelekeza hivi: tumbo la chakula limejificha chini ya pande la kushoto la ini. Yeye anaingia kwa vitundu vidogo, na kamera na vyuma vyembamba, kwa hiyo lazima kwanza ainue ini ndipo aone anachokikata. Ini la mtu kama sisi limejaa mafuta na akiba ya sukari, ni kubwa, zito, na likiguswa vibaya linararuka. Ukijinyima wanga wiki mbili kabla, akiba ile inatumika na maji yake yanatoka, ini linasinyaa. Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika. Maini nimeyashika tangu utotoni: liko lile jekundu linalokatika safi kwa kisu, na liko lile la rangi ya chai ya maziwa, linateleza na kumeguka mkononi. Nikajua la kwangu ni lipi.

Ila hiyo karatasi ya chakula waliyotugawia! Brokoli. Nyama ya bata mzinga. Mtindi wa Kigiriki. Bibi wa Mji wa Kale alimwambia mjukuu wake asome polepole, kisha akauliza, kwa upole kabisa, bata mzinga anauzwa Marikiti upande gani. Mtaalamu wa lishe, binti mdogo mwenye adabu zake, akaona haya. Ilikuwa imechapwa hivyo hivyo kutoka kwa watu wa mbali. Nazi ilikuwa na neno moja: "usitumie." Nikainua mkono nikamwambia, mwanangu, ukimwambia mtu wa Pwani asitumie nazi bila kumpa la kushika, atakuitikia ndiyo hapa, na akifika nyumbani atakuna.

Jumamosi iliyofuata tuliiandika upya, sisi na yeye. Changu au tafi wa kuchoma, kipande cha kiganja. Kuku bila ngozi. Mayai. Maziwa lala. Mchicha, bamia, biringani, matango. Mbaazi kidogo, lakini mahamri yake yabaki kwa muuzaji. Mpwa wangu akamweleza kuhusu nazi: tui la kwanza ndilo lenye mafuta, ukirudia kukamua mara ya pili na ya tatu linabaki maji yenye harufu. Tukapewa vijiko viwili vya hilo la mwisho kwenye mchuzi, na kwa hivyo viwili watu wakatulia. Nimesikia kundi lililotufuata linapewa karatasi yetu. Shukrani hakuna, lakini haya.

Kingine kilichonifurahisha ni mazoezi ya kunywa. Baada ya upasuaji huwezi kugugumia maji. Unaonja kidogo kidogo mchana kutwa, na huruhusiwi kunywa ukila, unangoja nusu saa baada ya chakula. Walitugawia vikombe vya plastiki vya mililita 30, kama vya dawa ya mtoto. Nikasema mimi hiki kitapotea siku ya kwanza, nikatoa finjani ya kahawa mkobani (usiniulize kwa nini mpishi anatembea na finjani). Mtaalamu wa lishe akaipima kwa bomba la sindano: mililita 60. Basi kipimo changu kikawa nusu finjani. Mtu aliyekulia kwenye kahawa chungu na halua tayari anajua kushika kikombe kidogo kwa dakika kumi. Ni maji tu yaliyokuwa mageni mle. Nilianza wiki ya tatu, na nilipotoka hospitali mkono wangu ulikuwa umezoea kitambo.

Walitufundisha pia kupumua kwa kile kidude cha plastiki chenye mipira mitatu, unavuta pumzi mipira ipande, ili mapafu yasijifunge baada ya usingizi wa dawa. Na watu wetu walifundishwa kuchoma sindano ya kuzuia damu isigande, kwa sababu wengine hurudi nayo nyumbani siku kadhaa. Walifundishwa kwa machungwa. Mume wa mwalimu, jitu la futi sita, alitetemeka mbele ya chungwa. Mpwa wangu alilichoma, akalimenya, akalila. Wakampa jingine.

Mshauri nasaha nilimdharau mwanzo. Nilidhani ataniambia nijipende. Yeye akauliza swali moja na kutuacha nalo wiki nzima: nani atakasirika ukiacha kula kama unavyokula? Mwalimu alisema mama mkwe. Kijana wa bandarini alimtazama mamake, mamake akatazama dirishani. Mimi nilirudi na jibu Jumamosi ya pili: wateja. Nani atampa mpishi mwembamba sufuria ya watu 600? Kwetu mwili wa mpishi ndio tangazo lake. Na ukikonda ghafla watu hawasemi amejitibu, wanasema ana lake. Tulilizungumza hilo zaidi ya saa, kila mtu na maneno atakayowaambia majirani. Mimi nilichagua ukweli. Dada wa Bamburi walichagua "daktari ametukataza wanga," ambayo nayo si uongo.

Mamangu alikuja siku moja tu, kwa hasira. Alimwambia daktari, "Mwanangu, huyu ni mpishi. Ukimkata tumbo atapika vipi?"

"Kwani mama, anapikia tumbo?"

Mamangu hakucheka siku ile. Alicheka ndani ya tuktuk, tulipofika Daraja la Nyali.

Sasa nieleze pale matayarisho yalipopimwa. Wiki mbili zangu za kujinyima ziliangukia harusi niliyoikubali miezi mitano nyuma. Pilau, watu 600, Kisauni. Saa kumi alfajiri moto umeshika, supu inachemka na bizari nzima na mdalasini, nami nimeshika mwiko. Wapishi wetu hawaonji kwa kijiko. Unachota kwa mwiko, unadondosha tone kwenye kiganja, unalamba. Miaka ishirini na sita mkono wangu wa kushoto unajifungua wenyewe, hausubiri amri. Nikadondosha. Tone likakaa kiganjani, la moto, lina mafuta yanayong'aa, na mpwa wangu akanishika kifundo cha mkono. Hakusema kitu. Alinipangusa kwa leso yake, kisha akafungua kiganja chake yeye na kukiweka mbele ya mwiko.

Nikamdondoshea. Akalamba, akafumba macho kama ninavyofumba mimi, akasema, "Sawa, shangazi."

Haikuwa sawa. Ilikuwa chapwa. Sufuria ya kwanza ilitoka imekosa chumvi, na shangazi wa bwana harusi akaja jikoni kuniuliza kama siku hizi nina presha. Nilitamani ardhi inimeze. Ya pili nilimwambia mpwa wangu, onja ukimaliza kunywa maji, na ukisema sawa, ongeza kiganja kimoja. Ikatoka vizuri. Tone moja lisingeniua, najua, na wala mpasuaji asingeliona. Lakini mimi sijawahi kuonja tone moja, na yeye ndiye alijua.

Mzee wa Likoni hakufika mwisho nasi, na hapo nitawapa kliniki haki yao. Alikuwa anavuta sigara, na jioni miraa na soda. Walitaka aache sigara kabisa wiki sita kabla, maana moshi unazuia kidonda kupona na mapafu yanasumbua kwenye usingizi wa dawa. Wiki ya nane akakiri kwamba bado. Alikuwa amelipa kila kitu. Wangeweza kufumba macho. Wakamwahirisha, bila kumdai upya, na daktari akamwambia aje na mkewe. Sisi kundi tuliendelea kumpigia simu baada ya magharibi, saa ile sigara inapomwita, kila mtu na siku yake. Yangu Jumanne. Mara nyingi tulizungumza habari za mpira na foleni ya feri, basi. Amemwambia mkewe sasa. Mkewe alikuwa anajua tangu wiki ya kwanza.

Bibi wa Mji wa Kale naye aliuliza maswali ambayo hawakuwa wamejiandaa nayo. Vitamini hizi tutakazomeza maisha, B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, hizo kapsuli zake ngozi imetokana na mnyama gani? Mtaalamu wa lishe hakujua. Ninampenda kwa sababu alisema hajui, na wiki iliyofuata alikuja na vidonge vya kutafuna visivyo na jelatini. Na Ramadhani? Daktari akasema ya kwanza asiikusudie. Mwili unahitaji kunyweshwa mchana kutwa na tumbo jipya halipokei maji ya siku nzima kati ya futari na daku. Ya pili aje wazungumze. Bibi akasema atalipa kwa fidia, akaandika.

Malalamiko, basi. La kwanza ni pesa. 38,000 ni ya darasa tu. Damu, picha ya nyongo, kipimo cha kamera cha kushuka tumboni, kipimo cha usingizi, vyote ni nje ya hapo, na hilo tuliambiwa wiki ya pili, tumeshalipa. Kamera ilinikuta na wadudu wa H. pylori, nikatibiwa kwa dawa wiki mbili, na vidonge vyangu vya magoti vya jamii ya ibuprofeni nikaambiwa nivisahau. Vipimo vilikuwa na haki, sikatai. Bei ndiyo ingesemwa siku ya kwanza. Waandike kila kitu kwenye karatasi moja, mtu aamue akiwa na akili zake.

La pili, mashine ya kupimia usingizi iliharibika siku ya zamu yangu. Nilirudi nyumbani, nikaja tena baada ya siku tisa. Nauli mara mbili, usingizi mara mbili, samahani hamna. Ilipofanya kazi ilionyesha pumzi inanikatika usiku, nikapewa mashine ya kupuliza hewa ya kulalia. Mpwa wangu anasema usiku wa kwanza aliamka kwa kukosa mkoromo, akaja kuniangalia kama niko hai.

La tatu ndilo limekula nyota. Wale wale watu wanaokufundisha kwa subira kwamba upasuaji si mchezo, wana mtu wa matangazo ambaye ametuingiza wote kwenye kundi lake la WhatsApp, na usiku anatuma ofa. "Slivu au baipasi, punguzo mwisho wa mwezi." (Hizo ni njia mbili za kulikata tumbo.) "Njoo na rafiki mpate bei ya wawili." Tumbo si mkoba. Mtu ambaye ndiyo kwanza anajikokota kuamua, anaona ofa inaisha Ijumaa, anakimbia kuweka pesa bila hizo wiki kumi. Mwalimu aliwaambia mbele yetu sote. Walitikisa kichwa.

Nimefanyiwa slivu wiki saba zilizopita, hospitali nyingine, na mpasuaji yule yule. Asubuhi ile nilikuwa kilo 117. Sehemu kubwa ya tumbo imetolewa, iliyobaki ina umbo la ndizi. Jioni ile ile walinisimamisha nitembee, na mpwa wangu alikuwa ameshavaa viatu kabla nesi hajafika, maana alijua. Siku ya nne nyumbani nililia bila sababu, na kwenye kundi letu (lile letu sisi, si la ofa) kijana wa bandarini, aliyenitangulia wiki mbili, akaandika: "Siku ya nne hiyo. Kesho itapungua." Ikapungua. Nywele wameniambia zitatoka kuanzia mwezi wa tatu na zitarudi. Nangoja.

Anayetaka kwenda: darasa linaanza saa tatu, fika saa mbili na nusu kwa sababu lifti yao inachukua watu wanne wa kawaida, yaani wawili wetu. Kabla hujalipa dai orodha ya bei za vipimo. Usije na mtu wa kukupendeza. Njoo na anayeweza kukushika mkono ukiwa na mwiko.

Wiki iliyopita niliwaandikia kuhusu zile ofa, kwa heshima, maneno mengi. Wakajibu, "Asante mteja wetu mpendwa, tumepokea." Jana saa nne usiku imeingia nyingine. Bei ya wawili.